Samaki wa siki nyumbani: wa Cape, wa achari ya mafuta au wa Kiswidi?

Asubuhi moja jirani yangu alirudi kutoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, na nguru mzima, kilo nne na ushei. Alimpata kwa bei nzuri, mnada ukielekea ukingoni. Watoto wako bweni, mumewe yuko safarini, na friza yake ndogo ilikwisha kujaa. Akabisha hodi: "Dada, huyu nataka kumtia siki. Lakini nimtieje? Kila ninayemuuliza ana njia yake." Nikamuuliza kwanza umeme kwao unakatika mara ngapi kwa wiki, kisha nikamwomba alete chupa ya siki aliyonayo tuisome lebo. Alishangaa, maana alitarajia tuanze na viungo.

Lakini ndivyo ninavyoanza siku zote. Viungo utavibadilisha upendavyo na samaki atalika. Ukikosea siki, au friji ikikuangusha, unaweza kumlaza mtu hospitali.

Pwani yetu haikutegemea siki kuhifadhi samaki. Tulikuwa na chumvi, jua na moshi, ndiyo maana tuna ng'onda, papa mkavu na samaki wa kubanika. Achari tunayo tele, ila ni ya embe, ndimu na pilipili. Samaki wa siki ni ufundi wa watu wa pwani nyingine, na kati ya njia zao nimezipika tatu mara nyingi kiasi cha kuzizungumzia: ya Cape Town, ya Kihindi kutoka Kerala na Goa, na ya Kiswidi. Zote zinakubali samaki wetu, lakini si kila samaki, wala si kila jiko.

Ninavyozipima

Nimeziangalia zote kwa mambo yaleyale: samaki anayefaa, kazi ya jikoni, siki na usalama wake, muda wa kukaa na namna ya kuliwa, kisha nani inamfaa. Bei sikuipa kichwa chake, kwa kuwa gharama kubwa kuliko zote ni samaki mwenyewe, na huyo utamnunua njia yoyote utakayochagua.

Yapo mambo manne yanayozihusu zote tatu, nayaweka hapa nisiyarudie.

Siki iwe imeandikwa kiwango chake, na kisipungue asilimia 5. Soma lebo, kwa sababu dukani zipo pia za asilimia 4. Tembo la mnazi likiachwa hugeuka siki yenye harufu nzuri sana, na Goa wanaitumia hiyohiyo kwenye achari zao. Lakini siki iliyochacha yenyewe uani kwako huwezi kujua nguvu yake kwa ulimi. Itie kwenye kachumbari, usiitegemee kulinda samaki. Ndimu na limau nazo hutofautiana tunda kwa tunda.

Friji ni lazima. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hupenda mahali pasipo hewa, na chupa iliyofungwa ndiyo mahali penyewe. Anashindwa kukua pale tindikali inapokuwa kali, yaani pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka ukali unapopanda) ikiwa chini ya 4.6. Tatizo la samaki ni kwamba siki huingia taratibu. Mchuzi unaweza kuwa mkali huku moyo wa pande nene bado haujafikiwa. Sumu ya bakteria huyo hailazimiki kuwa na harufu wala kubadilisha rangi. Kwa hiyo hakuna kati ya hizi tatu inayokaa kabatini, hata kama bibi wa mtu aliiweka huko miaka yote.

Samaki awe amelala kwenye barafu tangu kuvuliwa. Nguru, jodari na vibua wakipigwa na joto hutengeneza histamini ndani ya nyama, na hiyo haiondolewi na moto, siki wala friza. Niliwahi kununua jodari mchana, akakaa kwenye buti la gari zaidi ya saa mbili, nikamkaanga vizuri na kumla usiku. Dakika chache baadaye uso uliniwaka moto kama nimepakwa pilipili, kichwa kikagonga, mwili ukaniwasha. Samaki yule hakuwa na harufu yoyote mbaya. Tangu siku hiyo naenda sokoni na ndoo ya barafu.

La mwisho ni sufuria. Siki hula alumini. Ukichemshia mchuzi kwenye sufuria ya kawaida ya alumini unapata rangi ya kijivu na ladha ya sarafu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya kauri, na hifadhi kwenye chupa za kioo ulizozichemsha.

Samaki wa Cape: anapikwa, kisha anazamishwa kwenye vitunguu

Huyu ni wa jamii ya Wamalei wa Cape, kizazi cha watu waliopelekwa huko na kampuni ya Waholanzi iliyoanzisha kituo chake mwaka 1652. Wengi walikuwa watumwa kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska, na wengine kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki. Leo Cape Town nzima, Mwislamu kwa Mkristo, humla Pasaka. Hutengenezwa siku chache kabla ya Ijumaa Kuu, na siku yenyewe huliwa wa baridi na mikate mitamu yenye zabibu.

Samaki. Awe na nyama ngumu isiyomeguka. Kule wanatumia zaidi snoek na yellowtail, na huyu wa pili ni wa ukoo mmoja na kolekole wetu. Kolekole, nguru na chewa wote ni wazuri. Sangara wa ziwani pia anafaa sana, kwa kuwa hapa samaki anaiva kabisa kabla ya kuonja siki. Sato humeguka, ila ukimkaanga hadi akauke ganda utamwokoa.

Kazi. Kilo moja ya minofu, ikate mapande ya kiganja, tia chumvi, pitisha kwenye unga kidogo ukipenda, kaanga hadi iive katikati. Kisha mchuzi: vikombe 2 vya siki, kikombe 1 cha maji, nusu kikombe cha sukari, vijiko 2 vidogo vya manjano, kijiko kikubwa cha bizari ya mchuzi, giligilani, pilipili manga nzima na majani machache ya mlimau. Uchemke, ndipo utie vitunguu maji vikubwa 3 vilivyokatwa pete.

Hapo kwenye vitunguu ndipo chakula hiki kinapoharibikiwa. Watu wengi huvichemsha mpaka vinalegea kama vya rojo. Vinatakiwa viwe vimepoteza ukali tu, ukiuma bado vinavunjika kwa jino. Dakika 5 hadi 7 zinatosha, kisha panga: tabaka la samaki, tabaka la vitunguu, mchuzi wa moto juu hadi wote wazame. Kikipoa kidogo, kabla ya saa mbili kupita, kiingie frijini.

Usalama. Hii ndiyo njia inayokuvumilia zaidi. Minyoo yote imekufa kwenye mafuta, na siki ni theluthi mbili ya maji yake. Hatari iliyobaki ni kukiacha mezani mchana kutwa, au kuchovya kijiko kilichoingia mdomoni.

Kukaa na kuliwa. Siku ya kwanza ni samaki aliyemwagiwa siki, hakuna zaidi. Siku ya tatu rangi ya manjano imeingia hadi katikati ya mnofu, utamu na ukali vimeelewana. Mimi hukimaliza ndani ya wiki moja. Mle na mkate wenye siagi, au na viazi vya kuchemsha. Kwa wali simshauri, mchuzi wake ni mtamu mno.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye wageni Jumapili, na mwenye watoto, kwa kuwa haina pilipili kali. Haimfai anayetaka akiba ya muda mrefu wala asiyependa sukari kwenye samaki. Ukipunguza sana sukari ukali wa siki unabaki peke yake, na chakula kinapoteza maana yake.

Achari ya mafuta: nguru wa Kihindi

Neno achari lilitufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, na ufundi wa kuitengeneza kwa samaki uko hai pwani ya magharibi ya India hadi leo. Wagoa walioishi Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam walikuja nao. Na nguru tunayemnunua Feri ndiye yuleyule wanaomtia achari kule. Ndugu zetu walioko Maskati wanamjua kwa jina la kanadi.

Samaki. Nguru, na baada yake nguru. Jodari anafaa pia ingawa hukauka. Nyama nyeupe laini husagika ndani ya chupa ikawa uji. Wagoa wana aina nyingine ninayoipenda, inayoitwa para, ambayo huanza na samaki aliyekwisha kutiwa chumvi na kukaushwa. Mtu wa pwani ataitambua mara moja: ni ng'onda aliyetiwa achari.

Kazi. Ni ndefu kuliko ya Cape, na inadai usimame jikoni. Kata nguru vipande vya ukubwa wa dadu kubwa, vipake manjano, chumvi na pilipili ya unga, viache nusu saa frijini. Vikaange hadi vikauke na kuwa vyekundu pembeni. Unyevu ukibaki ndani, achari haitadumu. Kwenye mafuta ya ufuta tia haradali. Subiri ianze kuruka na kugonga mfuniko, punguza moto, tia uwatu kidogo sana (ukizidi au ukiungua chupa nzima inakuwa chungu), halafu tangawizi na thomu iliyokatwa nyembamba. Vikianza kupata rangi ya dhahabu weka vijiko 3 vya pilipili nyekundu ya unga, koroga kwa sekunde chache tu, na kabla haijaungua mwaga kikombe kizima cha siki. Mvuke wake unakata pumzi, fungua dirisha mapema. Ichemke, rudisha samaki, vichemke pamoja dakika 5.

Usalama. Watu wengi huamini kwamba mafuta yakifunika juu chakula kimelindwa. Mafuta huzuia ukungu, lakini pia huzuia hewa, na nimeshasema ni nani anayependa mahali pasipo hewa. Thomu na samaki chini ya mafuta, bila tindikali ya kutosha, kwenye joto la Dar es Salaam, ni jambo ninaloliogopa kuliko yote katika ukurasa huu. Kinachokulinda ni siki na friji, kwa hiyo usipunguze siki eti achari ni kali. Ongeza sukari ya guru kidogo badala yake.

Kukaa na kuliwa. Iache siku 4 au 5 kabla ya kuifungua. Ikiwa frijini na kijiko kikavu, mimi huila kwa mwezi mmoja, ndefu kuliko njia nyingine zote hapa. Kijiko kimoja kinatosha sahani nzima ya wali na dengu. Inakwenda na chapati, na muhogo wa kuchemsha, hata na ugali. Samaki wa kilo moja anaweza kulisha nyumba wiki nyingi, kwa kuwa huliwa kama kiungo kuliko kitoweo.

Inamfaa nani. Mwenye familia ndogo, mwanafunzi au mfanyakazi anayepika wali tu jioni, na anayependa pilipili. Haimfai anayeepushwa na mafuta au chumvi nyingi, wala mwenye haraka.

Ya Kiswidi: samaki asiyeguswa na moto

Shemeji yangu anaishi Göteborg, Uswidi, na ndiye aliyenipa hii. Wasweidi hula heringi wa siki kwenye Krismasi na kwenye sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, pamoja na viazi vipya na maziwa ya mgando mazito. Kanuni ya maji yake inakaririka kirahisi: moja, mbili, tatu. Kipimo 1 cha siki, 2 vya sukari, 3 vya maji.

Niliifuata kama ilivyo. Siku ya tatu nyama ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, harufu imegeuka, nikamwaga chupa mbili. Kumbe siki ya Wasweidi inayokusudiwa hapo ni ya asilimia 12, na yangu ilikuwa ya 5. Nilichotengeneza kilikuwa na chini ya nusu ya ukali unaotakiwa. Ukiwa na siki yetu, kwa vikombe 2 vya sukari weka vikombe 2½ vya siki na 1½ cha maji. Hapo tindikali inalingana na ya kwao. Kama umewahi kuharibikiwa na njia hii, angalia hapo kwanza kabla ya kumlaumu muuza samaki.

Samaki. Heringi hatuna. Vibua wadogo, wenye mafuta na waliovuliwa alfajiri, ndio wanaokaribiana naye. Samaki wa maziwa yetu, sato, sangara au kambare, wasitengenezwe kwa njia hii kabisa. Samaki wa maji yasiyo na chumvi hubeba minyoo yake, na siki haiiui.

Kazi. Ya mikono ni ndogo, ya subira ni kubwa. Toa minofu, ondoa mifupa. Gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Iyeyushe frijini, ifukie kwenye chumvi ya mawe siku nzima, iloweke kwenye maji baridi ukiyabadilisha hadi chumvi ibaki ya kuvumilika. Chemsha maji ya siki na sukari, yapoe kabisa, ndipo uzamishe samaki pamoja na kitunguu chekundu, karoti, pilipili manga na hiliki au karafuu kidogo. Hiliki ni yangu mimi, shemeji hakuikubali.

Usalama. Kugandisha si hiari. Samaki wa baharini anaweza kuwa na mnyoo wa Anisakis, ambaye huishi ndani ya siki na chumvi ya kawaida kwa siku nyingi. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unataka samaki wa kuliwa bila kupikwa agandishwe kwanza. Tatizo letu ni vifaa: kile kichumba cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja hakifiki nyuzi 20 chini ya sifuri. Inahitajika friza kamili, na umeme usiokatika wiki nzima.

Kukaa na kuliwa. Kuanzia siku ya pili huliwa, na mimi siivushi wiki mbili. Ladha yake ni safi kuliko zote, nyama inang'aa, inateleza, ina utamu wa bahari ambao kikaango huufuta. Mle baridi na viazi au mkate mweusi.

Inamfaa nani. Mwenye friza ya kuaminika, anayemjua mvuvi wake, na aliyezoea samaki mbichi. Mswahili anayeishi Ulaya yuko mahali pazuri zaidi kuliko sisi hapa, kwa sababu kule atanunua heringi aliyekwisha kutiwa chumvi dukani na siki ya asilimia 12 palepale. Mjamzito, mzee, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wasipewe huyu. Wapewe wa Cape.

Kwa hali yako

Huna friji, au umeme unaondoka siku nzima: usitengeneze hata mmoja. Nunua ng'onda mzuri, mloweke, mchemshe, mkatie kachumbari yenye siki nyingi, mle siku hiyohiyo. Ladha inakaribiana na huko ulikokuwa ukielekea.

Umeme unakatika saa mbili tatu tu: friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne. Njia mbili za kwanza zinakufaa. Ya Kiswidi iache.

Siki uliyonayo haina kiwango kwenye lebo: subiri upate nyingine, hata kama samaki yupo mkononi. Mkaange leo.

Unaishi Mwanza, Kisumu au Kigoma na samaki wako ni wa ziwani: Cape, kwa sangara.

Una wageni wikiendi: Cape, ukianza Alhamisi. Unataka kumtumia mtoto chuoni: achari, ikiwa ataipokea siku hiyohiyo ikiwa na barafu na chumbani kwake kuna friji. Kama hana, mtengenezee achari kavu ya ndimu tu.

Unataka kuonja samaki mwenyewe kuliko viungo, na vifaa unavyo: Kiswidi, kwa chupa moja ndogo kwanza.

Jirani yangu umeme wake hukatika jioni, kwa muda wa saa moja au mbili. Siki yake ilikuwa ya asilimia 4, tukatuma mtoto dukani akaleta nyingine. Mkia na mapande ya tumbo tulivikata dadu kwa achari, kwa sababu siku nyingi za mwezi yupo peke yake. Minofu ya mgongo aliiandaa kwa namna ya Cape, watoto wanarudi Jumamosi. Kichwa tulikichemsha supu ya ndimu, tukainywa palepale jikoni haradali ikiendelea kuruka.